Nyoka Anarudisha Nusu

Dada: Haloo? Naongea na nani?

Dereva: Dada, ni mimi.

Dada: Mimi nani? Namba hii siijui. Kama ni kuhusu lile gauni, nilishasema Jumamosi, na Jumamosi haijafika—

Dereva: Ni mdogo wako, Dada. Nimebadilisha laini. Shikamoo.

Dada: Marahaba. Kumbe uko hai.

Dereva: Niko hai. Habari za hapo?

Dada: Zipo. Ile namba ya zamani kila nikipiga naambiwa haipatikani. Nikajua umenifungia vioo.

Dereva: Hapana, jamani. Simu ilidumbukia kwenye ndoo nikiosha gari, nikaona bora—

Dada: Chiriku yuko wapi?

Dereva: Yupo.

Dada: Mpe simu.

Dereva: Yuko ndani. Mimi niko nje hapa kizingitini, mtandao wa ndani unasumbua—

Dada: Basi mwite aje nje.

Dereva: Dada. Hilo tulishakubaliana.

Dada: Ulikubaliana wewe. Mimi nilinyamaza.

Dereva: Mara ya mwisho ulipoongea naye, alikaa mlangoni na begi mgongoni mpaka giza likaingia. Hakula. Wifi yako kambembeleza, wapi. Nilisema akishatuzoea mtaongea hata kutwa nzima. Vumilia kidogo tu.

Dada: Sawa. Mimi ndiye wa kuvumilia. Haya, umepiga ya nini?

Dereva: Kuna jambo nataka unisaidie. Hiyo ni cherehani inayolia?

Dada: Ni cherehani, kwani ulidhani ni ndege? Miguu inakanyaga, masikio yanasikia. Sema.

Dereva: Nimeitwa shuleni kwao.

[Cherehani inanyamaza.]

Dada: Anaumwa?

Dereva: Haumwi. Ni hesabu. Mwalimu anataka kumrudisha darasa la kwanza.

Dada: Chiriku? Huyo mwalimu kachanganya watoto. Mwambie atazame tena.

Dereva: Hakuchanganya. Nilikuwepo.

Dada: Mtoto huyu alikuwa anawatajia wateja wangu mita za kitambaa kabla sijashika futi. Mama mmoja alikuwa akija hapa anaongea na yeye, mimi ananipita tu. Leo arudishwe darasa la kwanza?

Dereva: Kujumlisha anajua. Kuzidisha anawashinda wenzake wote, mwalimu mwenyewe kakiri. Shida ni kutoa. Kamsimamisha mbele yangu, kamuuliza arobaini toa ishirini. Akasema thelathini.

Dada: Alikuogopa.

Dereva: Nami nilidhani hivyo. Tukarudi nyumbani, nikamkalisha kitako, nikamuuliza mwenyewe, taratibu. Sitini toa ishirini. Akasema hamsini. Thelathini toa kumi. Akasema ishirini na tano. Nikamwambia hesabu basi kwa vidole, mama. Akaficha mikono nyuma.

Dada: Rudia hiyo ya mwisho.

Dereva: Kaficha mikono—

Dada: Ya thelathini.

Dereva: Thelathini toa kumi, ishirini na tano. Na ukimgombeza habadilishi, anakutazama tu machoni. Haloo? Dada? Upo?

Dada: Nipo.

Dereva: Nilidhani imekatika.

Dada: Nipo. Endelea.

Dereva: Sasa huyo mwalimu si mtu mbaya. Kaniambia mtoto kama huyu usimpige wala usimpeleke kwenye masomo ya ziada, mtafutie mchezo. Nyoka na ngazi, ludo, vitu vya namna hiyo. Anasema wanajifunza namba bila kujua kama wanajifunza. Nikaenda kununua nyoka na ngazi, ile ya ubao mgumu, nzuri kabisa, ina kete zake za plastiki za rangi rangi. Na unajua kafanya nini?

Dada: Kakataa kete.

Dereva: Umejuaje?

Dada: Sema wewe, kafanya nini.

Dereva: Kachukua mkasi wa wifi yako, kakata vifungo vya shati la shule. Vitatu. Wifi yako anarudi kazini anakuta shati limeachama kifua chote. Ungekuwa wewe usingepiga kelele?

Dada: Alimpiga?

Dereva: Hapana. Alisema sana, halafu akaingia chumbani akatoka na sindano, akavishona vingine. Yule si mtu wa kupiga, Dada. Anajitahidi. Anamsuka, anamchemshia maji ya kuoga. Mtoto anamwambia asante kama anamwambia kondakta.

Dada: Kashona kwa uzi gani?

Dereva: Uzi gani? Mimi nitajuaje uzi gani?

Dada: Uzi wa kawaida unakatika ukifuliwa mara mbili. Mwambie aukunje mara mbili, azungushe shingoni mwa kifungo kabla hajafunga fundo. Halafu mwambie pole. Pole kutoka kwangu.

Dereva: Nitamwambia.

Dada: Ni kosa langu hilo, si la mtoto. Sisi kete zetu ni vifungo. Tangu alipoanza kushika vitu vidogo bila kuvitia mdomoni. Nilimshonea mchezo kwenye kitambaa, kipande kilichobaki kwenye shuka la mtu. Mistari nimepiga kwa cherehani, namba nimetarizi moja mpaka mia. Nyoka ni zipu zilizoharibika. Ngazi ni lesi.

Dereva: Sikuwahi kukiona.

Dada: Ungekiona saa ngapi? Ulikuwa ukija unakula, unalala, asubuhi nasikia lori linaunguruma.

Dereva: Ni kweli.

Dada: Sikusema ili uumie. Ndiyo kazi yako ilivyokuwa.

Dereva: Basi kitume hicho kitambaa, Dada. Mpe kondakta wa basi la asubuhi, mimi nitakipokea stendi. Labda akikiona—

Dada: Hicho usiniombe.

Dereva: Ni cha mtoto—

Dada: Nimesema usiniombe. Nguo zake nilizikunja mimi. Viatu nilivipiga brashi mimi, mto wake nikaufunga kwenye kanga, nikampandisha kwenye gari lako kwa mikono yangu hii. Kitambaa nikakibakiza. Kiko hapa chini ya cherehani. Kila kitu nimekupa, hicho niachie.

[Mkwaruzo wa mtandao.]

Dereva: Haya. Haya, Dada, yaishe. Basi niambie tu mnavyocheza. Nilicheza naye jana alasiri, kila nikisogeza ananiambia siyo hivyo. Nikimuuliza ikoje, ananyamaza. Mtoto aliyekuwa anaongea mpaka majirani wanafunga madirisha.

Dada: Hanyamazi huyo. Anakupima.

Dereva: Basi nimefeli.

Dada: Hata shuleni ulikuwa unafeli, si jambo jipya. Sikiliza. Dadu ni mbili, siyo moja.

Dereva: Iliyokuja na ubao ni moja.

Dada: Nunua ya pili. Unarusha zote, halafu unachagua mwenyewe, ujumlishe au utoe. Ikija sita na mbili, unaweza kwenda nane au unaweza kwenda nne. Kwa hiyo lazima utazame mbele, nyoka yuko wapi, ngazi iko wapi. Hapo unakuta katoto kamepiga hesabu mbili kichwani kabla hujameza mate.

Dereva: Hapo ndipo aliponiambia siyo hivyo.

Dada: La pili, hakuna kugusa vyumba kwa kidole, moja, mbili, tatu, hapana. Kabla ya kusogeza unataja unakofika. Uko kumi na saba, umepata nane, sema ishirini na tano, ndiyo unyanyue kifungo. Ukikosea unabaki ulipo.

Dereva: Mimi nilikuwa naenda na kidole.

Dada: Kama mtu anayetafuta nyumba ya kupanga. Najua.

Dereva: [anacheka kidogo] Haya. Na nyoka?

Dada: Nyoka ni hivyo hivyo. Anakumeza unashuka.

Dereva: Unashuka tu?

Dada: Unashuka.

Dereva: Dada, mbona sauti imebadilika?

Dada: Ni mtandao.

Dereva: Niambie na ya nyoka. Jana kifungo chake kilimezwa, kikatoka arobaini na nane kikaenda thelathini. Kilikaa pale, yeye ananitazama anangoja kitu. Mimi nikarusha dadu yangu. Akaondoka mezani. Alikuwa anangoja nini?

Dada: Alikuwa anangoja umuulize.

Dereva: Nimuulize nini?

Dada: Umuulize kapoteza ngapi. Arobaini na nane toa thelathini. Akisema kumi na nane, amepatia. Na akipatia, nyoka anarudisha nusu. Anapanda tena vyumba tisa.

Dereva: Nusu.

Dada: Alikuwa akimezwa analia, mpaka kitambaa kinaloa. Nikamwambia usilie, taja tu umepoteza ngapi, ukitaja sawasawa nusu inarudi. Akaacha kulia. Ndivyo alivyojua kutoa, hakufundishwa na mtu mwingine.

Dereva: Subiri. Subiri kwanza. Arobaini... nyoka kala ishirini. Nusu yake kumi. Thelathini.

Dada: Ndiyo.

Dereva: Sitini, kaliwa ishirini. Arobaini na kumi. Hamsini. Kwa hiyo hakosei. Huyu mtoto hakosei hata moja, anacheza. Anamjibu mwalimu kwa sheria za kwenu. [anacheka] Aisee. Na mimi nimekaa pale mbele ya mwalimu nimeinamisha kichwa. Kesho asubuhi naenda kumwambia, mtoto alikuwa anachanganya mchezo na—

Dada: Hakuwa anachanganya.

Dereva: Si umesema—

Dada: Miaka yote hapa, mwalimu akimuuliza arobaini toa ishirini anasema ishirini, kama watoto wote. Alijua shule ni shule na kitambaa ni kitambaa. Hakuchanganya hata siku moja.

Dereva: Sasa mbona huku...

[Mtandao unakwaruza.]

Dereva: Dada.

Dada: Nakusikia.

Dereva: Anadai nusu ya alichopoteza.

Dada: Mimi sikusema hivyo.

Dereva: Hukusema.

Dada: Ngoja, kuna mteja mlangoni. [kwa mbali] Bado, mama, bado upindo tu. Pitia jioni. Macho? Hapana, ni vumbi la kitambaa. [karibu] Haya. Tuko wapi?

Dereva: Kuna kifungo cha tatu.

Dada: Cha tatu kimefanyaje?

Dereva: Alikata vitatu. Kimoja chake, kingine akanisogezea mimi. Nikamwambia tuko wawili, hiki tukirudishe kwenye shati. Akakifunika kwa mkono. Nikasema labda ni cha mama yako mdogo. Akatikisa kichwa. Ikawa kila duru, baada yangu, anakirushia dadu yeye mwenyewe, anataja namba kabisa, halafu hakisogezi. Kimekaa chumba cha kwanza. Nikamuuliza hiki vipi? Akasema kinasubiri. Wifi yako kaogopa, anasema mtoto anacheza na asiyeonekana.

Dada: Hapana. Mtoe hofu. Sisi siku zote tulikuwa watatu.

Dereva: Nani wa tatu? Si mlikuwa wawili nyumba nzima?

Dada: Wewe.

Dereva: Mimi?

Dada: Mama yake alipofariki ulisema unaniachia kwa muda tu. Sasa mtoto akaanza kuuliza. Ningemwambia nini? Nikatoa kifungo kikubwa cha koti, kile cheusi, nikasema huyu ni baba, yuko njiani. Zamu yako ikifika anakurushia dadu. Akiona unaelekea kwa nyoka anachagua kutoa badala ya kujumlisha, ili ukwepe. Na tulikuwa na sheria, mchezo hauishi mpaka wa mwisho afike mia. Kwa hiyo tunakungoja. Chakula kinapoa tunakungoja. Kwenye kitambaa ulikuwa unafika kila siku.

Dereva: Dada, sikujua.

Dada: Ungejuaje.

Dereva: Sasa mimi niko hapa. Nimekaa mbele yake na kifungo changu mkononi. Kile cha tatu ni cha...

Dada: Nimeshajua ni cha nani. Usikitaje.

Dereva: Na kama mchezo hauishi mpaka wa mwisho afike—

Dada: Na hakisogezi.

Dereva: Hakisogezi. Jana tuliacha tu, hakuna aliyemaliza.

Dada: Salio lako likoje?

Dereva: Limebaki kidogo, nimeshasikia mlio mmoja.

Dada: Basi sikiliza vizuri. Kacheze naye. Akimezwa na nyoka muulize kapoteza ngapi, na umrudishie nusu. Usimnyime hiyo, nimekusihi. Kwenye mchezo mpe. Ya shuleni itajinyoosha yenyewe akishaipata nyumbani. Na kile kifungo, mwambie nimesema kisogee.

Dereva: Hataniamini.

Dada: Mwambie nimesema mimi sina haraka lakini sipendi kukaa chumba kimoja. Atajua ni maneno yangu.

Dereva: Mwambie mwenyewe.

Dada: Unasemaje?

Dereva: Namwita. Nimekosea, Dada, nilikuwa nakunyima bure. Nilikuwa naogopa. Kila akikutaja nahisi nimemwiba. Ngoja nimwite, mwambie kwa mdomo wako. Chiriku—

Dada: Usimwite.

Dereva: Lakini umekuwa ukiomba tangu—

Dada: Najua nilichoomba. Usimwite. Nikisikia akiniita mama, nitamwambia nakuja kumchukua. Najijua. Na nitakuja kweli, kwa basi hilo hilo la asubuhi, na wewe hutakuwa na ubavu wa kunizuia. Halafu itakuwaje? Nitamfundisha kukaa mlangoni na begi maisha yake yote.

Dereva: Kashasikia. Yuko hapa mlangoni. Anauliza ni nani.

Dada: [kwa sauti ya chini] Mwambie ni mtu wa kazini.

Dereva: Dada—

Dada: Mwambie.

Dereva: [kwa mbali kidogo] Ni mtu wa kazini, mama. Kaniulizia gari. Panga ubao kama tulivyouacha jana, nakuja. ... Ndiyo, vitatu. Weka vyote vitatu.

Dada: Kakua?

Dereva: Kidogo. Gauni lile la bluu limepanda magotini.

Dada: Niliacha upindo mpana. Wifi aufumue, kuna kama vidole vinne ndani. Nenda naye. Simu usikate, iweke mezani. Mimi sitasema kitu.

Dereva: Salio—

Dada: Mpaka liishe. Nenda.

[Hatua. Kiti kinavutwa. Dadu inagonga ubao.]

Dereva: [kwa mbali] Sita... ngoja, usiniambie. Niko kumi na tisa, nafika ishirini na tano. Bila kidole, umeona? ... Haya, wewe. ... Aa, kakumeza huyo. Umepoteza ngapi? ... Sawasawa kabisa. Basi chukua nusu. Ndiyo, nusu yako, panda. ... Nimejua tu.

[Kitu kinasogezwa.]

Dereva: [kwa mbali] Sasa zamu ya hiki. Kirushie dadu. ... Umetaja vizuri. Kisogeze basi. ... Najua kinasubiri. Lakini mwenyewe kasema hana haraka, ila hapendi kukaa chumba kimoja. ... Kaniambia. ... Asubuhi, wewe ukiwa shuleni. ... Hapana, hiyo simu nimeshaizima. Acha, mama, usiishike.

[Mlio wa salio.]

Dereva: [karibu, kwa kunong'ona] Dada? Nimetoka, nimemwambia nakunywa maji. Umesikia?

Dada: Nimesikia sauti yako tu. Kafanya nini?

Dereva: Kakitazama sana. Halafu kakinyanyua. Kakipeleka mpaka tano.

Dada: Analia?

Dereva: Machozi yapo. Lakini kanisukumia dadu, anasema zamu yangu.

Dada: Basi unafanya nini huko nje? Rudi, asikungoje. Wewe usingojwe tena, umenisikia? Kimbia, na mwambie wifi kuhusu ule upindo, na usiku umfunike miguu, huwa analala anapiga—

[Simu inakatika.]